Mikono ya Jumapili

Kila Jumapili saa nane mchana, watu wameshatoka kanisani, mikono ya MaKhahliso iliingia jikoni kijijini Ha Ramotse, ikanawa kwenye beseni, ikaanza kukanda unga. Mwenyewe alibaki Johannesburg kwa tajiri wake, alikofanya kazi za ndani, kwa kuwa ruhusa ya kurudi Lesotho alipewa mara moja kwa mwaka, wakati wa Krismasi. Mikono haikutajwa kwenye mkataba. Mpakani ilipanga foleni kama abiria wengine, na afisa akaichukua alama za vidole, akaona inatosha.

Wakwe zake waliipokea vizuri. Kasoro ilikuwa moja tu: mke wa mtu, hata akiwa mjane kama yeye, hakai mbele ya baba mkwe bila kujifunika, na mikono ilikuja mitupu. Basi kila babu Lebona alipokohoa mlangoni, bibi aliitupia blanketi dogo, nayo ikaendelea kukanda humohumo. Babu aligeukia ukutani, akauliza habari za Johannesburg, na bibi akamjibu kwa niaba ya mikono. Mzee huyo hakuficha kwamba Jumapili aliisubiri kwa ajili ya mkate, mahubiri yalikuwa ya kupitishia muda.

Mkate ukiwa sufuriani unaiva kwa mvuke, Khahliso, bintiye MaKhahliso wa miaka tisa, aliketi mkekani akasukwa. Mikono ilijua panapomwasha kabla hajasema. Mistari ilipokwisha, ilimpigapiga mgongoni taratibu, naye akala mkate wa moto kwa chai ya maziwa huku akiiegemea. Raha yake yote ya wiki ilikuwa hiyo, na sijaona tajiri aliyempita. Saa kumi na mbili mikono iliaga na kwenda zake.

Jumapili moja ya Agosti Khahliso aliikatalia kuondoka. Aliifunga ndani ya blanketi, akalikalia. Bibi alimtazama, akaenda kulala.

Asubuhi simu ililia. Ilikuwa ya MaKhahliso, aliyeshikiwa simu sikioni na mtunza bustani.

"Mwanangu, iachie," alisema. "Mtoto wa hapa hajaogeshwa."

"Njoo uichukue mwenyewe."

"Nikija sirudi tena, kazi watampa mwingine. Karo yako tutaitoa wapi?"

"Sitaki karo. Nakutaka wewe."

Mtunza bustani alikohoa kidogo. MaKhahliso alisema anajua, na kwamba hata yeye anajitaka huko nyumbani, kisha simu ikakatika.

Ndipo blanketi lilipoanza kutikisika. Saa ya kuogesha ilikuwa imefika, na mikono ilikuwa inaogesha. Khahliso alilifunua. Mkono wa kushoto ulikinga kisogo kisichokuwepo, kidogo kuliko chake, na wa kulia ulipitisha maji nyuma ya masikio kwa uangalifu uleule anaoujua yeye. Alitazama mpaka ilipofika miguuni, na wivu ukamchoma hasa. Kisha aliikausha kwa gauni lake, mkono mmoja mmoja, akaifungulia mlango.

Jioni MaKhahliso alipiga tena kushukuru. Bibi naye alimshukuru Mungu kwa mkwe aliyempata, akataka na tajiri asalimiwe. Babu alisema tajiri ajisalimie mwenyewe.

Jumapili iliyofuata ulikuja mkono wa kushoto peke yake. Tajiri alikuwa ameamua kwamba Jumapili nayo ni siku ya kazi, ila kwa ubinadamu wake angehitaji mmoja tu. Bibi alikanda unga akisaidiwa na mkono huo, na mkate ukatoka mzito kidogo. Babu alikula vipande vitatu, akasema hajaona tofauti.

Khahliso aliketi mkekani akangoja. Mkono ulishika nywele, ukazigawa, ukakwama, kwani kusuka ni kazi ya mikono miwili. Ulibaki hapo kichwani pake umetulia. Basi yeye alipeleka mkono wake wa kulia nyuma ya kichwa, akaupapasa ule mwingine hadi akaupata, wakaanza pamoja, polepole, wakifumua na kurudia. Jua lilipofika kilimani walikuwa na mistari sita, yote imepinda. Aliona raha mpaka akawa hataki kumaliza.

Jumatatu alikwenda shule na mistari hiyo vilevile. Mwalimu alimgeuza kichwa kushoto na kulia, akamuuliza ni nani aliyemsuka namna hii.

"Mimi na mama," alisema Khahliso, akafungua daftari.