Maradhi ya Chonga

Vita vilikuwa vimekwisha, lakini mchele ulikuwa ungali wagawiwa kwa kadi, na minazi ya Shariffa binti Zein kule Ganjoni ilikuwa ikifa mmoja mmoja.

Shamba lile aliachiwa na babake. Yeye mwenyewe alikaa Mji wa Kale, nyuma ya Kibokoni, na kila akimaliza kupika huvaa buibui akaenda kuitazama miti yake. Makuti machanga yalifunguka yakiwa yamekatwa kama kwa mkasi, na kileleni mlikuwa na mashimo ya kuingia kidole. Mung'aro, mkwezi wake wa miaka mingi, alipanda na waya wenye ndoana akawachokoa chonga mashimoni: wadudu weusi, wanene, wenye pembe moja puani. Akiwatoa leo, kesho wamekuja wengine.

"Watoka wapi wote hawa?" Shariffa aliuliza.

"Wazaliana penye vitu vilivyooza, bibi. Magogo, samadi." Mung'aro alitupa jicho upande wa jirani.

Jirani huyo alikuwa Adamji, mwenye duka la misumari na rangi Makadara. Alikuwa ameshamwomba Shariffa amuuzie shamba, mara ya kwanza kwa adabu, mara ya pili kwa huruma. "Miti yenyewe inakufa, Bi Shariffa. Utabaki na mchanga mtupu." Haukupita muda, samadi ya ng'ombe ikaanza kuletwa kwa mkokoteni na kumwagwa kiwanjani kwake, ubavuni mwa ua uliowatenga. Ya bustani, alisema. Shariffa alichungulia juu ya ua na hakuona bustani yoyote.

Asubuhi moja aligeuza gogo la mnazi uliokufa, akaruka nyuma. Mabuu ya chonga, ambayo siku zote huwa meupe na laini, yalikuwa yamekauka kama chaki, yamefunikwa unga wa kijani. Kando yao udongo ulikuwa umefukuliwa na kufukiwa tena kwa mkono wa mtu.

"Nani aliyeingia humu?"

Mung'aro aliapa kwamba hajui. Shariffa alimtazama mpaka yule mzee akainamisha macho. Mbali na yeye mwenyewe, ni Mung'aro tu aliyekuwa na ufunguo wa lango, na mtu anayeweza kumwekea kitu shambani mwake anaweza pia kuwa ametiwa kitu mfukoni na Adamji.

"Nipe ufunguo," alimwambia.

Mung'aro aliutoa, akachukua kamba yake ya kukwelea, akaenda.

Kesho yake Shariffa hakurudi mjini kula. Alijificha ndani ya kibanda cha kufulia nazi, akichungulia penye upenyo wa makuti. Baada ya adhuhuri, watu walipokuwa wamejilaza, ua ulilia kidogo. Mwanamke alipenya kwenye pengo, mtandio wake wa waridi ukanasa, akaunasua. Alikuwa na kopo la samli. Alipiga magoti penye gogo, akachimba kwa vidole, akamwaga kitu kutoka koponi.

Alikuwa Zarina, mke wa Adamji.

Shariffa alimfikia kabla hajasimama, akamshika mkono. "Wafanya nini shambani mwangu?"

Zarina aligeuka, uso umempauka. Kopo lilianguka. Ndani yake mlikuwa na mabuu yaliyokufa, ya kijani vilevile.

"Usipige kelele, Bi Shariffa. Nakuomba. Akisikia atanirudisha kwetu."

"Mumeo ndiye aliyekutuma uniulie miti!"

"Siiui. Nawaua chonga." Alikuwa akihema. "Huu ni ukungu, ni maradhi yao. Kaka yangu Tayebali yuko kituo kimoja cha kilimo huko Malabari, nao wana minazi, nao wana chonga. Huwatia mabuu ukungu huu wakafa, na wakifa ukungu huota juu yao, ukawashika wenzao. Nilimwomba, akaniletea kwa mkono wa msafiri."

"Wewe waionea uchungu miti yangu? Kwa nini?"

Zarina aliangalia ua. "Ile samadi si ya bustani. Aliileta ili chonga wazaane, miti yako ife, umuuzie. Asema atanijengea nyumba hapa. Ni mimi nitakayelala ndani ya nyumba hiyo, Bi Shariffa. Ni mimi nitakayeswali humo."

Maneno yalikuwa mazuri mno, na kwa hivyo Shariffa hakuyaamini. Mtu na mumewe wanaweza kugawana kazi, mmoja alete wadudu, mwingine alete dawa yenye sumu ya kumalizia mizizi. Alilichukua kopo, akamwachia mkono.

"Nenda. Nikikuona tena humu kabla sijakuita, nitamwita mumeo mwenyewe aje akuchukue."

Nyumbani aliweka vyungu viwili uani. Kila kimoja alikitia samadi na mabuu mazima, lakini unga wa kijani aliutia kimoja tu. Mche wa mnazi uliokuwa kwenye debe aliumwagia unga uliobaki, shinani na kwenye majani. Kila siku alifunua na kutazama, na hakumwambia mtu. Mabuu ya chungu chenye unga yalianza kulegea, yakaacha kula, yakakauka, mwisho yakaota ukungu, kwanza mweupe kisha wa kijani. Ya chungu cha pili yalizidi kunenepa. Mche ulitoa jani jipya.

Hapo ndipo alipomkumbuka Mung'aro, na moyo ukamchoma. Alimfuata hadi alikopata kazi, akamwomba radhi mbele ya watu. Mzee aliipokea kwa heshima.

"Yamekwisha, bibi. Lakini nimeshapata shamba jingine."

Ilimbidi kutafuta mkwezi mwingine. Yale mabuu ya kijani aliyasaga, akayatia mwenyewe katika kila gogo lililooza. Kwa Zarina alipeleka neno moja tu, kupitia pengo la ua: "Endelea upande wako, penye samadi."

Mvua za masika zikaja, na ukungu hupenda maji. Jumapili moja Adamji alisimama langoni, koleo mkononi, kanzu imeingia samadi mpaka magotini. Zarina alikuwa nyuma yake, amejifunika mpaka puani.

"Umeitia sumu samadi yangu!" Adamji alifoka. "Wadudu wote humo wamekufa, wameota kijani. Huu ni uchawi. Nani alikupa? Nani aliingia kwangu?"

Alipouliza hilo la mwisho aligeuka akamtazama mkewe, na Shariffa akaona kwamba kumbe amekwisha kuanza kumshuku. Zarina alikuwa amefumba macho.

"Ni mimi," Shariffa alisema.

"Wewe?"

"Mimi. Nilipita pale penye pengo, ukiwa dukani. Nishitaki ukitaka, Bwana Adamji. Nenda kwa kadhi, nenda polisi. Lakini watakuuliza ulikuwa ukilea wadudu gani, na samadi yote ile ya nini, nawe huna hata shina la mchicha."

Adamji aliteremsha koleo chini. Alitazama vilele vya minazi, akatazama koleo lake, kisha akaenda zake bila kuaga. Wiki ile mkokoteni ulikuja kuizoa samadi.

Si miti yote iliyopona. Iliyokuwa imetobolewa moyo ilikufa, Shariffa akaikata na kuichoma. Mingine ilichukua muda mrefu, halafu ikaanza kufungua makuti mazima, na chonga waliobaki wakawa wa kuchokolewa kwa waya tu, kama zamani.

Yeye na Zarina hawakutembeleana. Adamji alikuwa bado akiwatazama, na Shariffa naye hakuwahi kulala akiwa na hakika kwamba shauri la bwana huyo lilikuwa limekwisha. Siku moja walikutana Marikiti, wote wawili wameinamia fungu moja la ndizi, na mtumishi wa Adamji amesimama hatua chache na kikapu.

"Assalamu alaykum," alisema Zarina, kwa sauti ya mtu asiyemjua aliye mbele yake.

"Wa alaykumu salaam," alijibu Shariffa, akalisukuma lile fungu upande wa Zarina, akaenda kutafuta ndizi kwingine.