Mkono wa Kupinga

Katika kata ile ya kanisa hakuna aliyewahi kupinga. Kila Jumapili mshauri wa askofu husimama mbele, husoma jina la mtu aliyeitwa kwenye kazi ya kanisa, kisha huwaomba wanaounga mkono wainue mkono. Na mikono huinuka: ya wazee, ya wenye watoto mapajani, hata ya waliokuwa wamesinzia na kushtuliwa na kiwiko cha jirani. Halafu husema, "Wanaopinga, kama wapo," na hapo hata macho hainui, maana jibu analijua. Anakuwa ameshageuza karatasi.

Jumapili ile ya Aprili aliyesimama alikuwa Keldon Thomander, mfugaji wa kondoo, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita wanyama walio mbali.

"Dada Nedra Jorgensen ameitwa kuwa rais wa Muungano wa Usaidizi wa Kina Mama," alisema.

Nedra alikuwa benchi la nne, pipi ya mnanaa mdomoni, pembeni ya mama mkwe wake Thora. Pipi ikashuka nzima nzima. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja na ndiyo kwanza analisikia jambo hilo. Wito hautangazwi hivyo. Askofu hukuita kwanza ofisini, hufunga mlango, hukueleza, hukuuliza. Unalia kidogo, unakubali, ndipo jina lako linasomwa. Lakini juma lile askofu alidhani mshauri wake ameshamwona Nedra, na mshauri alidhani askofu ameshamwona. Lilikuwa kosa la watu wema wawili wanaoaminiana, na mimi makosa ya namna hiyo nayaogopa kuliko ya wezi, kwa sababu hakuna wa kumkamata.

Mikono ikainuka pande zote. Nedra akaiona, akahesabu moyoni kilichokuwa kinamponyoka.

Jumamosi ya juma hilohilo wenye hisa za maji wa Mfereji wa Kaskazini wangekutana kumchagua mgawa maji. Katika bonde la Sanpete mvua si ya kutegemea. Maji hushuka kutoka theluji ya mlimani, na kila shamba lina zamu yake, kwa saa na dakika, tangu mababu walipofika na mikokoteni. Mgawa maji ndiye anayefungua lango hili na kulifunga lile. Kwa miaka ishirini kazi hiyo ilikuwa ya Verl, mume wa Nedra, aliyezikwa Januari. Ndivyo ilivyoandikwa. Lakini tangu mwaka wa mafuriko, gogo lilipomvunja Verl nyonga, aliyeingia mferejini na beleshi alikuwa Nedra. Miaka kumi na mmoja. Watu walimwona kila siku akiwa amezama hadi magotini, wakampungia mkono, kisha wakikutana na Verl kanisani wakamwambia, "Ahsante kwa maji, Verl."

Sasa alitaka kitu kimoja tu: kazi ile aipewe kwa jina lake mwenyewe. Na kazi mbili hizo hazikai kwenye mwili mmoja. Rais wa kina mama huzika watu, huwapikia wagonjwa, hushinda vikaoni Jumapili nzima. Maji nayo hayajui Jumapili, kuanzia Aprili hadi Oktoba.

"Wanaopinga, kama wapo," alisema Ndugu Thomander, na kugeuza karatasi.

Nedra akainua mkono.

Aliuinua wa kulia, umenyooka, kama alivyofundishwa utotoni. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Mama, yule anataka kwenda chooni?" Mama yake akamziba mdomo. Ndugu Thomander alimtazama Nedra, akaitazama karatasi, akamtazama tena.

"Aa," alisema. "Haya. Tumeona. Ahsante."

Kanuni ni kwamba anayepinga hukutana na askofu baada ya ibada. Askofu Corwin Aagard alikuwa na miaka thelathini na minne, mfugaji wa bata mzinga, maana maaskofu wa kanisa lile ni waumini wenye kazi zao, na Nedra ndiye aliyemfundisha madarasa ya watoto alipokuwa na miaka sita. Siku moja alimbadilisha suruali. Mambo hayo hayasemwi ofisini, lakini yote mawili yalikuwa yamekaa pale kati yao, juu ya meza.

"Dada Nedra, nisamehe," alisema askofu. "Keldon alidhani mimi, mimi nikadhani Keldon."

"Nimeelewa."

"Lakini wito wenyewe si kosa. Nilifunga, nikaomba. Jina lako ndilo lililonijia."

"Jina langu litakosaje kukujia, Corwin? Unaniona kila asubuhi mferejini mwako."

Askofu alitaka kucheka, akajizuia. "Kwa hiyo unamkataa Mungu?"

"Sina ugomvi na Mungu. Nimekukatalia wewe. Ungeniita Alhamisi ningekukatalia humu ndani polepole, ungelia wewe kidogo, yakaisha. Mmenisimamisha mbele ya watu, nami nimejibu mbele ya watu."

"Basi nisikilize kama jirani, si kama askofu." Akasogeza kiti. "Wenye hisa karibu wote walikuwa mle ndani. Wewe uliyekataa wito, unadhani Jumamosi watakupa maji? LaMar Okelberry anamtaka mwanawe Tyrel, na tangu leo hana haja hata ya kumpigia debe. Umempigia wewe."

Hilo Nedra alikuwa amelijua kabla mkono haujafika usawa wa bega. Kulisikia kwa mtu mwingine kulimuuma hata hivyo.

"Kukubali kungeninyima kazi hakika," alisema. "Kukataa kumeninyima labda. Nimechagua labda."

Nyumbani nyama ilikuwa imeshaiva kwenye oveni, ilikowekwa kabla ya kanisa kama Jumapili zote. Thora, miaka themanini, mgongo umepinda lakini ulimi bado umenyooka, alikata nyama yake vipande vidogo na kula macho yakiwa kwenye sahani.

"Mama, umekasirika?"

"Nipe karoti."

Nedra akampa karoti, kisha akaosha vyombo. Katika nyumba nyingine, isiyo ya kanisa lile linalokataza kahawa na pombe, mtu mwenye siku kama ile angejipikia kahawa kali, au hata kitu zaidi ya kahawa. Nedra alikunywa bilauri mbili za maziwa baridi, akalala na viatu.

Jumatatu alikuwa mferejini mapema, akitoa majani na matawi yaliyolundikana wakati wa baridi. Huko madereva husalimu kwa kuinua kidole kimoja kwenye usukani. Siku ile magari sita yalipita na vidole vyote vilibaki vimeshika usukani. Jumanne dada wawili wa kanisa walileta mkate. "Ni wa Thora," walisema mlangoni, mara mbili, kana kwamba Nedra angeuficha.

Jumatano alikuja Tyrel Okelberry mwenyewe, kijana wa miaka ishirini na mitatu, karudi juzijuzi kutoka utume wa kanisa Brazili, mpole, mashavu mekundu.

"Dada Nedra, naona haya kukuuliza. Lango la tatu linafungwa kwa upande gani?"

Shetani akamnong'oneza. Neno moja tu la uongo, na Jumamosi kijana angeonekana hajui kitu.

"Kinyume," Nedra alisema. "Babu yako alilifunga gurudumu kichwa chini na hakukubali kwamba amekosea. Geuza kama unalifungua, litajifunga. Na usilikanyage, linateleza."

"Ahsante. Kwa kweli ni baba ndiye anayeitaka hii kazi."

"Basi aje avae gambuti yeye," Nedra alisema, akatupa beleshi la matope karibu na viatu vyake. Alikasirika mchana kutwa, na kilichomkasirisha zaidi ni kwamba kijana alikuwa hachukiki.

Usiku alikuwa na jibu moja lililomjia na akalifukuza. Angeweza kusimama Jumamosi na kusema: Verl hakugusa lango lolote kwa miaka kumi na mmoja, mimi ndiye niliyewanywesha. Lingetosha. Lakini Verl alikuwa kaburini hata nyasi hazijashika, na Thora angekuwa ameketi mstari wa mbele, maana hisa nyingi za familia zilikuwa zake. Verl aliona fahari kuitwa mgawa maji. Kila jioni Nedra alimweleza malango yote, naye akaandika daftarini kwa mwandiko wake mzuri, akatia sahihi. Alikuwa mume mwema. Nedra akaapa kuwa kama kazi itapatikana, itapatikana bila kumvua marehemu nguo.

Jumamosi walikutana kwenye ukumbi wa chakula wa shule. Ungedhani ni kanisani, ila bila tai: watu walewale, na jeli ileile ya kijani ya karamu za kanisa kwenye trei. Mwenyekiti wa wenye hisa alikuwa, nani tena, Keldon Thomander.

"Kabla hatujaanza," alisema, masikio yakimwiva, "leo kila anayetajwa ameulizwa?"

Watu wakacheka, Nedra naye akacheka, na kwa dakika moja mambo yakaonekana mepesi.

Tyrel alisema kwamba ana nguvu, ana gari, na yuko tayari kujifunza. Akaketi haraka. Nedra akasimama, gambuti zake zikiwa bado na tope kwa sababu alitoka moja kwa moja mferejini.

"Malango ni thelathini na saba," alisema. "La kumi na mbili linavuja. La ishirini linaibiwa maji, na anayeyaiba anajua kuwa najua. Theluji ya mwaka huu ni chache. Tusipofupisha zamu mwezi Juni, mashamba ya chini hayatapata kitu Agosti. Nimeshapiga hesabu ya zamu hizo. Naitaka kazi hii."

LaMar Okelberry akasimama. Mtu mkubwa, mikono ndani ya mifuko ya nyuma.

"Dada Nedra, sisi sote tunakuheshimu. Verl tulimjua, Verl alikuwa mgawa maji. Ila nauliza tu kwa nia njema. Wewe kazi hii umeifanya wapi?"

Mtu yuleyule aliyempungia mkono asubuhi za miaka kumi na mmoja! Nedra alihisi damu ikipanda hadi kwenye nywele. Jibu lilikuwa mdomoni, limeshaiva, na mbele yake kulikuwa na kichwa cheupe cha Thora. Akakaza meno.

"Nimejifunza nyumbani," alisema.

"Aha, nyumbani," alisema LaMar, na baadhi ya watu wakatazama sakafu.

Kiti cha mbele kikakwaruza. Thora alikuwa anasimama, na kwa kuwa kusimama kwake kulichukua muda, ukumbi mzima ulipata nafasi ya kunyamaza.

"LaMar, wewe nilikufundisha kusali, usijifanye kipofu mbele yangu," alisema. "Verl alikuwa mwanangu. Nampenda mpaka leo naandaa sahani yake kwa kusahau. Lakini tangu mwaka wa mafuriko mwanangu hakuvaa gambuti. Gambuti ni hizi hapa, tazama, na wala hazikuwa za Verl, mguu wa Verl ulikuwa mkubwa. Sote tulijua. Tukamshukuru Verl kwa sababu ilikuwa rahisi. Mimi mwenyewe nilimshukuru mezani, na huyu ameketi hapo nguo zimelowa. Wiki nzima nimeshindwa kumtazama usoni kwa ajili hiyo. Hisa zangu nampa yeye. Nimemaliza, mtu anishike nikae."

Tyrel ndiye aliyemshika.

Ndugu Thomander alikohoa. "Wanaounga mkono Nedra Jorgensen awe mgawa maji."

Mikono ilianza mmoja mmoja. Askofu Corwin wa kwanza. Kisha dada wa mkate. Kisha Tyrel, bila kumtazama baba yake, kisha ukumbi ukajaa mikono. Thora aliinua miwili. Akaambiwa mmoja unatosha.

"Wanaopinga," alisema Ndugu Thomander, na safari hii hakugeuza karatasi. "Kama wapo."

Mkono wa LaMar ulipanda hadi sikioni, ukajikuna, ukashuka. Halafu watu wote, mstari kwa mstari, wakageuka kumtazama Nedra.

Nedra akaikalia mikono yake.

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi barabarani. Yeye mwenyewe alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na hakuweza kuyafuta, kwa sababu mikono alikuwa bado ameikalia.

Garini Thora alifunga mkanda, akautazama mfereji hadi walipofika penye lango la kwanza.

"Mwaka hamsini na mbili," alisema, "nilipewa kazi ya kufundisha hesabu sekondari. Barua ninayo bado. Jumapili wakasoma jina langu kanisani kuwa rais wa madarasa ya watoto. Hawakuniuliza mimi pia. Nikaunga mkono kama wote, mkono wangu mwenyewe, nikaenda nyumbani nikamwandikia mwalimu mkuu kwamba nimeghairi."

"Hukuwahi kuniambia, Mama."

"Ningekuambia nini? Miaka yote hiyo nilikuwa sijui kama mkono wa kupinga unainuka." Akatazama nje dirishani, akajifuta pua kwa leso. "Jumapili nimeuona ukiinuka pembeni yangu, nikakosa usingizi. Ningekuwa mwalimu mzuri, Nedra. Mkali, lakini mzuri."

Nedra alisimamisha gari. Akamshika mkono, na Thora akamwacha aushike kwa muda.

"Haya, shuka," Thora alisema hatimaye. "Zamu ya LaMar inaanza saa nane kamili. Usimpunguzie hata dakika."