Tiki ya Kijani

Wodi ya watoto ilikuwa na sheria moja isiyojadiliwa: dozi ya dawa ya degedege hukokotolewa na wauguzi wawili, kila mmoja kwa simu yake, na bomba la sindano halijazwi mpaka majibu yafanane. Mchana huo hayakufanana. Simu moja ilisema mililita moja nukta nane, nyingine sifuri nukta tisa. Mtoto alikuwa yuleyule, kilo tisa kamili.

Muuguzi mkuu alimpigia mdogo wake, karani wa chumba cha kumbukumbu ghorofa ya chini.

"Panda huku haraka. Programu yako inasema maneno mawili."

Alipanda ngazi mbilimbili. Programu ile ya kukokotoa dozi aliiandika mwenyewe, akaiacha wazi: anayetaka kusoma ndani yake asome, anayetaka kuirekebisha airekebishe. Miaka mitatu wauguzi waliirushiana simu kwa simu. Kisha kampuni yenye mfumo wa simu zao ikatangaza kwamba kila mwandishi wa programu ajisajili kwa kitambulisho, la sivyo kazi yake itazuiwa. Alinung'unika wiki nzima, akajisajili. Sasa programu yake ilikuwa na tiki ya kijani.

"Shemeji kafika," alitania muuguzi waliyemwita Chapuchapu, bomba tupu mkononi. "Tuamulie. Yangu hii, ina tiki. Ya Mpole tazama mwenyewe."

Mpole, mwenzake wa zamu, alimpa simu. Juu ya kioo palikuwa na mstari mwekundu: *Mwandishi hajulikani. Programu hii inaweza kukudhuru. Iondoe.*

"Umeitoa wapi?"

"Kwa mfamasia, asubuhi nilipofuata boksi la dawa. Akasema ile ya zamani imepitwa, akanirushia hii. Alikuwa mbioni, anawahi mkutano."

"Mpigieni."

"Tumempigia mpaka vidole vimechoka. Hapatikani."

"Basi mnangoja nini?" alisema Chapuchapu. "Simu yenyewe inapiga yowe kwamba ni mbaya. Nijaze moja nukta nane tumalize."

Kitandani, mkono wa mtoto ulianza kurukaruka. Mama yake aliushika kwa mikono miwili, akawatazama.

"Tuna dakika ngapi, dada?"

"Chache. Dawa nyingine aliyopewa asubuhi inamwishia."

Kila kilichokuwa mbele ya karani kilielekea upande mmoja. Alijua mkono usiojulikana unaweza kufanya nini ndani ya programu. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya neno *Ondoa*. Lakini moja nukta nane ni sifuri nukta tisa mara mbili, bila kuzidi wala kupungua. Mwenye nia mbaya angeharibu. Huyu alikuwa amegawa kwa mbili.

Alifungua maandishi ya ndani ya programu ya Mpole; yalikuwa yake mwenyewe. Mfamasia alikuwa ameyaacha wazi, kama alivyoyakuta. Katika mistari yote, namba moja tu ilikuwa imebadilika: mia moja imekuwa mia mbili.

"Leteni kichupa cha dawa."

"Kichupa ni kilekile cha siku zote," alisema Chapuchapu. "Lebo ya buluu."

"Kilete hivyo hivyo."

Maandishi yalikuwa madogo kama mayai ya chawa. Miligramu mia mbili katika kila mililita. Alimwomba Mpole kichupa kitupu cha jana. Lebo ileile ya buluu, kimo kilekile. Mia moja.

"Dawa mpya ina nguvu mara mbili," alisema. "Programu yangu haijui."

Chapuchapu aliliweka bomba mezani taratibu. "Ningemzima pumzi."

"Hujamzima," alisema muuguzi mkuu. "Chukueni kalamu, kila mtu peke yake."

Miligramu ishirini kwa kilo, kilo tisa, mia na themanini. Gawa kwa mia mbili. Majibu yalifanana. Mpole alijaza sifuri nukta tisa, akaisukuma dawa polepole mshipani. Mkono wa mtoto ulitulia. Muuguzi mkuu aliweka kiganja kifuani pake, macho kwenye saa, akahesabu pumzi dakika nzima.

"Thelathini na mbili. Inatosha. Simu ngapi zina hiyo yenye tiki?"

"Kumi na sita. Zote isipokuwa ya Mpole."

"Rekebisha basi."

"Kurekebisha ni dakika mbili. Kampuni itaikagua siku tatu kabla ya kuiruhusu."

"Na hii ya mfamasia?"

"Ni sahihi. Lakini ili simu ziikubali, lazima niwafundishe watu kumi na sita kupuuza onyo jekundu. Siku akija mwizi wa kweli, atawakuta mmeshahitimu."

"Kwa hiyo tufanyeje?"

"Naiondoa yangu kila mahali. Siku tatu mtakokotoa kwa kalamu, kichupa mkononi."

"Shemeji," alisema Chapuchapu, "ulitutoa darasa la nne, sasa unaturudisha."

"Darasa la nne mlikuwa mnasoma swali kwanza. Mimi niliwazoesha kutolisoma. Nguvu ya dawa niliificha ndani, msikoiona, badala ya kuwauliza kichupa kinasemaje. Kampuni imekagua kitambulisho changu. Hilo hakuna aliyelikagua."

Hakuna aliyemfariji. Muuguzi mkuu alichomoa simu yake mfukoni kwa mkono mmoja, akamnyooshea. Kiganja cha pili hakikutoka kifuani pa mtoto.

"Anza na yangu," alisema, akaendelea kuhesabu.