Siku Nilipomhamishia Mama Mkwe Kimbungani

Mimi, Crisanto Tablizo, nina cheti cha kusoma mawingu. Nimekitundika juu ya televisheni, mgeni asije akaondoka bila kukiona. Kazi yangu hapa kisiwani Catanduanes ni kutazama picha za setilaiti na kuwaambia watu kimbunga kinaelekea wapi.

Alfajiri ile kioo cha kompyuta yangu kilijaa wingu moja kubwa, jeupe pe, kaskazini-mashariki ya kisiwa, limejikunja kama paka aliyeshiba. Nikaweka kidole katikati yake.

"Kitovu cha kimbunga hiki hapa. Kitapiga Pandan, kaskazini."

Dada Remedios, mkuu wangu wa zamu, alikuwa akimenya yai. "Cris, hizo ni picha za joto. Zinaonyesha mawingu marefu yenye baridi tu. Ya chini yana joto sawa na bahari, hayaonekani. Ngoja kuche, tupate picha ya mwanga."

"Dada, mimi kitovu nakinusa."

"Basi pua yako ndiyo itie sahihi. Mimi sitii."

Redio ya mjini ilipopiga simu, kama kila alfajiri, nilimwahi Dada Remedios kuipokea. Nikawaambia watu wa kusini wanywe chai yao kwa raha. Kisha nikampigia mama mkwe, Mama Purita, anayeishi Pandan na nguruwe anaowapenda kuliko anavyonipenda mimi.

"Mama, pakia kila kitu uje kwetu Virac. Huku kusini salama kabisa."

"Na nguruwe?"

"Na nguruwe."

"Una hakika, mkwe?"

"Mama, hii ndiyo kazi yangu."

Tangu nimwoe binti yake hajawahi kunisikiliza. Siku hiyo akanisikiliza. Akaazima lori la kubebea nyuzi za abaka, akaondoka.

Jua likatoka, picha ya mwanga ikafika. Lile wingu langu nono lilikuwa limesukumwa kando na upepo wa juu. Mbali kule kusini, uchi kama mtu aliyeibiwa nguo mtoni, kizingo chembamba cha mawingu kilikuwa kikijizungusha taratibu. Hicho ndicho kilikuwa kitovu, na kilikuwa kinakuja Virac. Kwangu.

Nilimpigia Mama, alikuwa milimani, hapatikani. Dada Remedios akapiga simu redioni, akanikabidhi.

"Ukilikoroga, lazima ulinywe."

"Ndugu zangu wa kusini," nikasema, "ni mimi yule yule wa alfajiri. Nilikosea. Kimbunga kinakuja kwenu. Ondokeni pwani sasa hivi."

Mtangazaji hakuwa na huruma. "Kwa hiyo sisi tuliokunywa chai tuitapike?"

"Itapikeni njiani, mkielekea kanisani!"

Niliporuhusiwa kukimbia nyumbani, nilikuta lori limesimama mlangoni, redio yake ikiunguruma. Mama Purita aliteremka polepole.

"Mkwe wangu, nimekusikia njia nzima. Alfajiri umenitoa kwangu, saa hizi unanifukuza kwako. Kuna nyumba nyingine umenipangia, au nikalale baharini?"

Mke wangu Merlinda aligeukia ukutani. Mabega yalikuwa yakimtikisika kwa kicheko. Tukapanda naye lorini, katikati ya nguruwe, hadi kanisa la mawe lililo mlimani.

Mchana mawingu yalikirudia kitovu, kikapata nguvu. Upepo ulivuma tukasikia mabati yakiruka huko mjini. Mimi sikuwa nikisikiliza upepo. Nilikuwa natazama mlango, nikitafuta nyuso za watu wa ufukweni, mmoja mmoja. Hata kutubu sikuweza. Wa mwisho kuingia alikuwa Mang Hilario, mtengeneza nyavu, amelowa chapachapa, kabeba jiko lake kichwani.

"Nilikuwa nimerudi kulala," akaniambia. "Jirani ndiye aliyesikia redio. Bora ulisema."

"Usimsifu," Mama Purita akadakia. "Atarudia."

Lakini mkono wake ulikuwa umenishika kiwiko, na haukuniachia mpaka upepo ulipotulia.

Hakuna aliyekufa. Huko Pandan, tuliambiwa, halikupasuka hata jani la mgomba. Nyumba yangu ilipoteza paa la jikoni. Cheti kilibaki ukutani, kavu, bila aibu. Mama Purita alikataa kurudi kwake kabla paa halijakamilika. Alikaa chini kwenye kigoda, nguruwe wake wakikoroma nyuma yake, akinielekeza pa kupigilia kila msumari.