Changarawe za Kilometa Tisa

Ijumaa, saa tisa alasiri, fundi kufuli alikuwa amepiga magoti sebuleni kwake akikaza boliti za baiskeli ya kuazima. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alimmulikia kwa tochi ya simu. Nje jua lilikuwa kali, lakini sebule ilikuwa na giza kwa sababu magodoro manne yalikuwa yameegemezwa dirishani. Magodoro yalikuwa ya shemeji. Yeye, mke wake na watoto wao wanne walikuwa wakilala pale kwa wiki ya saba.

Baiskeli ilikuwa ya daktari wa meno. Usukani wake ulipinda kuelekea chini kama pembe za kondoo dume, na matairi yake yalikuwa mapana, ya kupita njia zisizo na lami. Daktari alikuwa amejifungia nje ya kliniki yake mara tatu mwaka ule, na mara ya tatu fundi alimwomba baiskeli kwa siku chache badala ya malipo. Daktari alikubali papo hapo. Fundi hakupenda jinsi alivyokubali papo hapo.

"Shemeji," fundi alisema bila kuinua kichwa, "niambie ukweli. Tuko wawili tu."

"Kuna watoto wanne chini ya meza."

"Hao hawahesabiki. Uliziuza?"

"Niuze changarawe za kilometa mia na kumi na moja? Nizifiche wapi, mfukoni?"

"Nauliza tu."

"Uliza. Juzi uliuliza, jana uliuliza. Ukimaliza nipe hiyo spana, maana unafungua badala ya kukaza."

Shemeji alikuwa dereva wa greda. Mkandarasi aliyemwajiri alipewa kazi ya kutengeneza barabara ya changarawe ya kilometa mia na ishirini. Kazi ilipokwisha, shemeji aliletewa karatasi ya kutia saini kwamba amesambaza changarawe mwanzo hadi mwisho. Yeye akaandika tisa. Malori yalileta za kilometa tisa, akasambaza za kilometa tisa, kwingine akaparua udongo tu. Kabla ya wiki kwisha alikuwa ameondolewa kazini na kwenye nyumba ya kampuni. Kisha pakaanza kusemwa kwamba kama kweli changarawe zimepungua, basi wa kuulizwa ni yule aliyezishika mwisho. Kamati ya nidhamu ingekaa Jumatatu. Ikimwona mkweli angerudishiwa kazi, nyumba na jina lake. Ikimwona mwongo, hakuna mkandarasi ambaye angempa hata jembe.

Barabara yenyewe ilikuwa imefungwa kwa mageti yenye walinzi mpaka Jumamosi, siku ya uzinduzi, ambapo zingefanyika mbio za baiskeli kutoka mwanzo hadi mwisho wake. Aliyetaka kuiona alipaswa kujiandikisha mbio. Shemeji alikataliwa jina. Fundi alikubaliwa.

Mkewe alimwamini kaka yake. Fundi alikuwa bado anapima. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amewafungulia watu milango na makabati, na alijua kwamba mtu anaweza kukutazama machoni na kukuapia mbele ya kabati ambalo si lake. Tena shemeji alikuwa hali chakula vizuri siku hizi, na fundi aliona kwamba mtu mwenye moyo mweupe hula.

Jioni ile alisoma kanuni za mbio mara mbili. Kanuni ya nne ilisema mshindani yeyote atakayeachwa na wa kwanza kwa zaidi ya kilometa tisa ataondolewa. Kanuni ya tano ilisema wa mbele hawaruhusiwi kuipita pikipiki ya kuwaongoza, na pikipiki itakwenda mwendo wa kadiri. Sababu haikuandikwa. Fundi alizipigia mstari zote mbili.

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, washindani sitini na tatu waliondoka. Mhandisi wa barabara aliwapungia mkono kutoka jukwaani. Changarawe zilikuwa safi, zimelala vizuri, na zilitoa sauti ya mchele unaopepetwa kila tairi lilipopita juu yake. Vijana wenye mapaja kama magogo walitangulia. Fundi alikaa nyuma kabisa, kwa sababu mbili: hakuwa na pumzi, na alitaka kuona.

Kilometa ya tisa ilipita, changarawe zipo. Ya kumi, zipo. Ya kumi na mbili, zipo, nene kama mwanzo. Fundi alimfikiria shemeji yake na lile simulizi lake la malori. Alimwita mwongo kwa sauti, peke yake, akikanyaga pedali.

Kilometa ya kumi na nne aliona jiwe lenye ukubwa wa yai, lina doa la rangi ya bluu. Alikumbuka kuliona kilometa ya tatu. Mawe yenye doa la bluu yanaweza kuwa mawili. Alisimama, akatoa tupa yake ndogo ya kuchongea funguo, akalichonga mikato miwili ubavuni, akalirudisha mahali pake na kuendelea.

Kilometa ya ishirini na tatu jiwe lilikuwa katikati ya njia, doa juu, mikato miwili ubavuni.

Fundi alishuka akageuka nyuma. Yapata hatua mia moja kutoka alipokuwa, changarawe zilikuwa zinaondoka. Hazikuruka wala hazikufanya fujo. Zilibingirika kufuata kingo mbili za barabara, kubwa mbele, ndogo nyuma yake, vumbi mwisho, kama watu wanaotoka mkutanoni. Zilimpita kushoto na kulia bila kumgusa, zikaenda mbele kujipanga walikokuwa wanafika vijana. Zilikotoka ulibaki udongo mwekundu wenye michirizi ya meno ya greda.

Alitazama mpaka za mkumbo ule zikaisha. Kisha akapanda, kwa sababu na yeye alikuwa na mbio.

Kwenye meza ya maji, mama aliyekuwa anamimina alimpa kikombe bila kumtazama.

"Mama, hizi changarawe zinatembea."

"Zinatembea, ndiyo. Tangu Alhamisi zinafanya mazoezi hapa. Siku ya kwanza zilikuwa zinagongana hovyo."

"Nani mwingine anajua?"

"Anajua nini? Si zinapita hadharani? Weka kikombe kwenye ndoo, usikitupe."

Fundi alinusa maji kabla ya kuyanywa. Yalikuwa maji.

Kutoka pale alianza kuwachunguza watu. Mlinzi wa geti la pili alitabasamu mapema mno. Muuguzi aliyeketi kando ya gari la huduma ya kwanza alikuwa anafuma sweta, na kila changarawe zilipopita aliinua miguu bila kukosea mshono. Hakuna aliyekuwa anaficha kitu. Hilo ndilo lililomtia fundi wasiwasi zaidi. Mtu anayeficha unaweza kumbana ukajua pa kuanzia.

Kilometa ya hamsini na nane tairi la nyuma lilitoboka. Alipindua baiskeli, akatoa tiubu, akaanza kutafuta tundu kwa midomo, akisikiliza pumzi ya hewa. Changarawe zilizokuwa chini yake na nyuma yake zilisimama. Ndipo alipoelewa kanuni ya nne. Zilikuwa za kilometa tisa, na kazi yake ni kuwa chini ya kila mshindani, wa kwanza hadi wa mwisho. Wa mwisho akisimama, haziwezi kumwacha. Wa mbele akiendelea, zitamwishia.

Fundi aliweka kiraka. Alilijaza tairi upepo mpaka likawa gumu. Halafu akakaa chini, akanyoosha miguu.

Pikipiki ya kufunga msafara ilifika baada ya dakika kumi. Aliyeiendesha alikuwa bibi mnene mwenye fulana ya waamuzi na miwani ya jua.

"Tairi limepona, kaka?"

"Limepona."

"Panda basi. Unazichelewesha."

"Nachelewesha nani?"

"Usinifanye mtoto. Kule mbele wamebakiwa na kilometa mbili."

"Na zikiisha?"

"Zikiisha wataanguka, na miongoni mwao yumo mwanangu. Panda, baba, nakuomba."

Fundi alimwangalia kwa makini kuona kama ni kweli ana mtoto. Hakuweza kujua. Akasema miguu imekufa ganzi, apumzike kidogo tu. Kwenye redio ya mwamuzi sauti ilisema kilometa moja. Baadaye ilisema nusu. Kisha zikasikika kelele, na mtu akasema wameanguka saba, mmoja kaumia bega.

"Wangu?" mwamuzi aliuliza kwenye redio.

"Wako mzima," redio ilijibu. "Kachanika suruali. Mwondoe huyo wa nyuma."

Mwamuzi alishuka, akaivua nambari iliyokuwa mgongoni kwa fundi, pini moja baada ya nyingine, taratibu, ili asichane shati. Pini ya nne ilipotoka, changarawe zilisogea chini ya makalio ya fundi, zikainuka, zikaondoka zote kwa haraka kuelekea mbele. Yeye alibaki ameketi kwenye udongo mwekundu. Udongo ulikuwa na joto.

"Umeona?" fundi alisema. "Hapa hakuna changarawe."

"Hapa hakuna mshindani," mwamuzi alisema, na kukunja nambari mara mbili.

Alirudishwa kwa gari pamoja na watu watano walioacha mbio wenyewe kabla yake. Aliwauliza mmoja mmoja kama wameziona. Wote waliziona. Aliwauliza kama watakuja kusema Jumatatu. Mmoja alisema Jumatatu ana harusi. Wa pili alisema yeye alifuata fulana ya bure, na fulana ameipata. Wengine walisinzia ghafla.

Jumatatu saa nne asubuhi kamati ilikaa kwenye chumba chenye feni mbovu. Mwenyekiti alikuwa mhandisi wa barabara. Shemeji alivaa shati la kufungwa mpaka kooni. Fundi aliruhusiwa kusema, akasema yote: doa la bluu, mikato miwili, mkumbo wa mawe, udongo mtupu. Karani aliandika bila kupumzika. Hakuna aliyecheka wala kushtuka.

"Jiwe hilo unalo?" mhandisi aliuliza.

"Sikulichukua. Lilikuwa kazini."

"Sawa. Nikuulize jambo moja, fundi. Ukiwa na nambari mgongoni, kuna mahali popote ulipita pasipo na changarawe?"

"Hapana. Lakini ni zilezile!"

"Sikuuliza kama ni zilezile. Mkataba haukusema zisiwe zilezile. Ulipita pasipo na changarawe?"

"Sikupita."

"Na walioanguka?"

"Tumewauliza," karani alisema. "Wanasema waliteleza."

Mhandisi alieleza kwa upole kwamba barabara ina changarawe kila mahali inapotumika, na pasipotumika hazina kazi. Dereva wa greda alikosea kuandika tisa. Lakini kamati haina kinyongo. Karatasi ileile ipo, akiandika mia na ishirini na kutia saini anarudi kazini kesho, na nyumba haijapewa mtu bado. Asipotia saini, barua ya kumwita mwongo itatumwa kwa wakandarasi wote. Wakapewa karatasi na dakika kumi wakashauriane kwenye korido.

Korido ilikuwa na benchi moja. Walisimama.

"Wewe uliziona," shemeji alisema.

"Niliziona."

"Za kilometa ngapi?"

"Tisa."

"Ulianza lini kuniamini?"

"Kilometa ya ishirini na tatu."

Shemeji alitikisa kichwa polepole. Aliikunja na kuikunjua ile karatasi. "Basi niambie. Nitie saini au nisitie?"

Fundi alitazama dirishani. Chini, uani, mkewe na mke wa shemeji walikuwa wamekaa kivulini na watoto wanne, na mdogo alikuwa amelala kwenye zulia la kukunja ambalo siku hizi walilibeba kila waendako.

"Watoto wako wanalala sakafuni, shemeji."

"Sikukuuliza wanalala wapi."

"Najua."

Shemeji alimtazama kwa muda mrefu, na fundi aliutambua mtazamo ule, kwa sababu ulikuwa wake. Ni yeye aliyekuwa akiutumia sebuleni kwa wiki saba.

"Kule njiani," shemeji aliuliza, "walikupa nini?"

"Nani?"

"Nauliza tu."

Akaingia ndani, akatia saini akiwa amesimama.

Magodoro yaliondoka siku iliyofuata. Mabasi yalianza kupita barabara ile mwezi huohuo, na changarawe zilizoea haraka. Mabasi mawili yakitoka pande mbili, zilijigawa nusu kwa nusu, na abiria walilalamika kidogo kuhusu mtikisiko. Wakati wa mvua zilichelewa, na madereva waliwahi kuzipigia honi.

Mwezi wa tatu, fundi aliitwa mwisho wa barabara kufungua sefu ya posta. Alikaa siti ya dirishani. Kilometa ya themanini aliiona greda ya manjano imeegeshwa pembeni, na shemeji yake juu yake, amenenepa. Changarawe zilikuwa zinapita zikihema vumbi, na shemeji alikuwa ameinua mkono wa kulia. Fundi naye akainua wake. Kisha akaona kwamba shemeji hakuwa anamsalimu mtu. Alikuwa anayaongoza mawe.

Vumbi liliingia ndani ya basi. Abiria wa kiti cha nyuma alimgusa fundi begani, akamwomba afunge dirisha, naye akalifunga.