Robo, Si Nusu

Mwaka 1978, kwenye skuli moja ya sekondari karibu na Gando, Mwanapili alikuwa mnene kuliko wote wa kidato cha tatu, na Maalim Shaame wa fizikia hakumwacha asahau. Siku ya somo la uvutano alimsimamisha mbele, akamweka Mwatima, shoga yake mwembamba, hatua mbili kutoka alipo.

"Kila kitu huvuta chenzake," alisema Maalim. "Tungamo likizidi, mvuto unazidi. Mtazameni huyu. Mwatima akijisahau ataganda naye."

Darasa zima likacheka. Mwatima naye akacheka.

Maalim akamrudisha Mwatima nyuma hadi hatua nne. "Masafa yamekuwa mara mbili. Basi mvuto umebaki nusu."

"Robo, Maalim," alisema Mwanapili kwa sauti ndogo. "Masafa yanazidishwa yenyewe kwa yenyewe. Mbili mara mbili, nne, na mvuto unagawanywa kwa hiyo nne. Tulisoma jana, mimi na Mwatima."

Maalim akafungua kitabu mezani. Mwanapili alikiona kidole chake kikishuka kwenye ukurasa, kikasimama. Kisha kitabu kikafungwa.

"Mwatima, mlisoma nini jana?"

Mwatima aliitazama bakora iliyoegemezwa ubaoni. "Nusu, Maalim."

Mwanapili alichapwa sita viganjani, akapigishwa magoti kwenye changarawe ya uani mpaka adhuhuri. Alijikaza asilie, hadi alipomwona Mwatima anapita na wenzake, uso kaugeuzia upande wa pili.

Kesho yake aliitwa baba yake, Mzee Mmanga. Alikuja na kanzu yake ya Ijumaa. Maalim akamwambia binti kajifanya mwalimu mbele ya watu, tena kakisingizia kitabu. Kitabu chenyewe kilikuwa palepale mezani. Mwanapili alikikodolea macho, akingoja Maalim akifungue. Hakukifungua.

"Tuwie radhi, Maalim," alisema baba, kainamisha kichwa. "Huyu simrudishi tena. Kuna mpunga wa kupalilia."

Waliteremka pamoja hadi bondeni, penye mpunga wao.

"Kwani ulisema nini?" aliuliza baba.

"Nilisema robo, baba."

"Robo ya nini?"

"Ya mvuto. Vitu viwili vikiwa mbali mara mbili..."

"Yaani umenidhalilisha kwa robo," alisema Mzee Mmanga, akamwonyesha pa kuanzia kupalilia.