Mgonjwa Asema Hajambo

Verlena alipokuwa akipeleka kahawa mezani aliinua mguu kuruka mpira wa oksijeni, kisha akakumbuka kwamba mpira haupo. Mumewe Orbin, aliyeutumia kupumua, alizikwa Machi. Huu ni mwezi wa tano tangu azikwe, na mguu bado unaruka. Asubuhi nyingine husikia kikohozi chumbani, akaitika, "Nakuja!"

Alikunywa kahawa amesimama, akachukua bahasha yenye cheti cha kifo, akaendesha gari hadi mjini kwa wakili Tackett, juu ya duka la viatu. Siku za kukata rufaa katika mahakama ya shirikisho zilikuwa zinaisha jioni hiyo.

Orbin alichimba makaa miaka ishirini na saba, mapafu yakaisha. Ofisi ya mafao ya ulemavu ilimkatalia mara mbili; jibu la tatu lilimkuta kaburini. Katika jibu hilo hakimu wa ofisi hiyo aliandika kwamba anaweza kazi ya kukaa, kuchambua karanga. Karanga! Milima yote hii haina hata ghala moja la karanga.

"Kalitoa wapi hilo?" Verlena aliuliza.

Tackett alifungua faili. "Kwa mzee mwenyewe, mama. Kliniki, Februari mwaka jana: mgonjwa asema hajambo. Mei: hajambo, hana malalamiko. Mara kumi na moja."

"Sasa mwanangu, si alisalimiwa? Daktari akikuuliza u hali gani, utaanza kumlilia?" Kwao mwanamume hafanyi hivyo. Ni aibu tupu. "Weka cheti cha kifo humo, waone."

"Kitaonyesha wewe ni mjane, uendeleze kesi. Basi. Jaji wa shirikisho anapima yaliyokuwemo humu siku ile ya uamuzi wa hakimu, na humu mzee ni mzima. Tukishinda, huenda akairudisha kesi kwa hakimu isikilizwe upya."

"Hakimu yuleyule?"

"Pengine."

"Na akimtaka Orbin aje ajieleze?"

Tackett hakucheka. Alimsogezea karatasi, naye Verlena akatia sahihi kwa hasira mpaka karatasi ikatoboka.

"Nitakwenda mimi," alisema. "Nitamwambia mume wangu alikuwa akitambaa kwenda chooni, na mimi nikigeukia ukutani asijue nimemwona."

Wakili aliinua uso. "Mama, hilo hata mimi hukuniambia."

"Alinikataza kumwambia mtu anavyoumwa." Verlena alikigeukia kiti kitupu kando yake. "Nisamehe, Orbin. Nimeshasema."